Kupunguza hatari ya saratani kwa mbwa si kumkinga

Mbwa jike akishatolewa kizazi, utasikia watu hapa Nakuru wakisema, "Huyo sasa hapati kansa." Nia yao ni njema na operesheni yenyewe ina faida, lakini wamechanganya kukinga na kupunguza hatari.

Hatari imepungua ikiwa, katika kundi la mbwa waliofanyiwa jambo fulani, wanaougua ni wachache kuliko katika kundi ambalo halikufanyiwa. Ni hayo tu. Hesabu ni ya kundi, haimpi mbwa mmoja ahadi yoyote. Kukinga kabisa kupo pale tu kiungo chenyewe kinapoondolewa: kwa mfano, dume aliyetolewa korodani zote hawezi kupata saratani ya korodani, kwa sababu hazipo. Ile ya tezi dume bado anaweza kuipata.

Panapopotosha zaidi ni kwenye asilimia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1969, ambao madaktari wa mifugo huutaja mara nyingi, ulitoa tarakimu tatu kuhusu saratani ya matiti: 0.5 kwa jike aliyetolewa kizazi kabla ya kuingia joto mara ya kwanza, 8 akitolewa baada ya joto la kwanza, 26 baada ya la pili. Wengi husoma kwamba kati ya majike 100 waliotolewa baada ya joto la pili, 26 wataugua. Sivyo. Ni asilimia 26 ya hatari aliyo nayo jike ambaye hajatolewa. Tuchukulie, kwa hesabu tu, kwamba kati ya majike 200 wasiotolewa kizazi, 40 watapata saratani hiyo. Asilimia 26 ya hao 40 ni kama 10, asilimia 8 ni kama 3, na asilimia 0.5 haifiki hata mbwa mmoja. Ukisoma vibaya, utachukua 26 kwa mia ya wote 200 na kupata 52, eti operesheni imeongeza ugonjwa! Kwa hiyo ukitajiwa asilimia, uliza kwanza ni asilimia ya nini. Tena watafiti wa Uingereza walipopitia ushahidi huu mwaka 2012 waliuona dhaifu, kwa hiyo hata zikisomwa sawasawa, tarakimu hizo zichukuliwe kwa tahadhari.

Uliza pia ni saratani ipi. Rottweiler, mbwa anayependwa sana kwa ulinzi, akihasiwa kabla ya kutimiza mwaka, hatari yake ya saratani ya mifupa huongezeka. Hatua moja hupunguza hapa na kuongeza pale, ndiyo maana umri wa kuhasi huamuliwa kwa kuangalia aina ya mbwa.

Kuna hatari nyingine ambayo haitajwi sana, nayo imo jikoni. Mnyoo aitwaye Spirocerca lupi, ambaye yuko Kenya, hufanya vinundu kwenye umio wa mbwa, na baadhi ya vinundu hivyo hugeuka saratani. Mayai hutoka na mavi ya mbwa, mdudu anayekula mavi huyameza, kuku humdonoa mdudu, na lava, yaani mnyoo mchanga, hukaa kwenye gole la kuku, ule mfuko wa chakula shingoni. Ukichinja kuku na kumtupia mbwa gole na matumbo mabichi, umemlisha lava. Vichemshe mpaka viive, na uokote mavi ya mbwa uani kila siku. Vidonge vya kawaida vya minyoo ya tumbo havitegemewi kwa huyu, kwa hiyo mwulize daktari dawa inayomfaa.

Jirani akisema mbwa wake hapati kansa tena, mwambie taratibu kwamba kilichopungua ni hatari ya saratani ya matiti. Kisha mwonyeshe namna ya kumkagua: mara moja kwa mwezi amlaze chali, apapase kila titi kwa ncha za vidole, safu zote mbili, akikawia kwenye yale ya nyuma karibu na mapaja, maana ndiko uvimbe hutokea zaidi. Kinundu hata cha ukubwa wa ndengu kipelekwe kwa daktari, kwa sababu kikikatwa kabla ya kufika sentimita 3 matumaini ni makubwa zaidi.