Nyekundu ya Kodachrome

Mama mmoja wa Ngamiani, Tanga, aliniletea kopo la maziwa ya unga limejaa slaidi, zile picha ndogo za filamu za kutazamwa kwa mwanga, za marehemu baba yake, aliyekuwa fundi kwenye shamba la mkonge. "Mwanangu, zimelala kabatini zaidi ya miaka hamsini. Si zishakufa hizi?"

Nikachukua moja, nikaielekeza dirishani. Wasichana watatu wamesimama ufukweni Raskazone, na kanga ya yule wa katikati ni nyekundu kana kwamba imenunuliwa jana. Fremu ya karatasi imeandikwa Kodachrome, filamu ya rangi ya kampuni ya Kodak. Slaidi za aina nyingine, zilizokaa kopo hilohilo, zimegeuka waridi tupu: bahari waridi, mbingu waridi.

Tofauti inatokana na jinsi zilivyosafishwa, yaani picha zilivyotolewa kwenye filamu kule maabara. Filamu nyingi za slaidi hubeba ndani yake kemikali za kuzalisha rangi. Kodachrome ilikuwa na matabaka ya nyeusi na nyeupe tu, na rangi zilitiwa maabara, moja baada ya nyingine, wakati wa kusafisha. Hakuna mabaki ya kemikali yanayobaki ndani kuichafua, ndiyo maana gizani hudumu mno. Iinamishe kidogo kwenye mwanga, upande usiong'aa: utaona picha yenyewe imeinuka kama nakshi ya mlango. Mimi sichoki kuitazama.

Ila taa ya projekta huipausha haraka. Onyesheni nakala, tafadhali, asili irudi gizani. Na msiioshe kwa maji. Hewa yetu ya pwani inatosha kuotesha kuvu juu ya jeli inayobeba picha.

Waliobuni filamu hii, Leopold Mannes na Leopold Godowsky, walikuwa wanamuziki. Ilianza kuuzwa mwaka 1935 kama filamu ya sinema ya milimita 16, slaidi zikafuata 1936. Kodak ilitangaza kuiacha mwaka 2009. Maabara ya mwisho, iliyokuwa Parsons, Kansas, ilipokea mikanda hadi tarehe 30 Desemba 2010. Usafishaji wake ulitaka mashine kubwa na mkemia wa kuisimamia. Hakuna studio ya mtaani iliyoweza kuifanya.

Chini kabisa ya kopo nikakuta kaseti ya Super 8, filamu ya sinema ya nyumbani, Kodachrome vilevile, imeshapigwa lakini haijasafishwa. Mita 15 za mkanda, kama dakika tatu na sekunde ishirini.

"Hiyo ni harusi ya dada yangu," mama akasema. "Baba alikuwa akingoja mtu wa kumpelekea Ulaya."

Nilimweleza taratibu. Rangi za mkanda ule hazikuwahi kuwamo. Zilikuwa zitiwe kule maabara, na kemikali zile hazitengenezwi tena. Kinachoweza kutoka leo ni nyeusi na nyeupe, pengine hafifu.

Akaishika ile kaseti kwa mikono miwili, akakaa nayo kitambo.

"Basi nitolee hiyo hiyo, mwanangu. Gauni lilikuwa la kijani. Nitawaambia wajukuu."