Ugonjwa wa Waldenström: damu inapokuwa nzito

Ni ugonjwa gani?
Ni saratani ya damu iliyo adimu na inayokua polepole. Daktari Jan Waldenström wa Sweden aliueleza mwaka 1944. Chembe nyeupe aina ya B huzaliana ovyo kwenye uboho na kumwaga kingamwili ya aina moja tu, IgM. Hauambukizi, na wengi wanaoupata wamevuka miaka 60.

IgM ina ubaya gani?
Ukubwa wake. Molekuli moja ni kingamwili tano zilizoshikana, na takriban asilimia 80 ya IgM hubaki ndani ya mishipa ya damu. Ikizidi, damu hupita kwa shida kwenye mishipa midogo: pua na fizi hutoka damu, macho huona ukungu, kichwa huuma. Dalili hizi hazisubiri kliniki ya wiki ijayo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na uombe macho yapimwe kwa ndani, kwani vena zilizovimba huonekana huko. Ganzi ya nyayo ni jambo jingine: IgM hushambulia neva.

Hugunduliwaje?
Kwa elektroforesisi (kipimo kinachotenganisha protini za damu), kiwango cha IgM na sampuli ya uboho. Zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wana badiliko kwenye jeni ya MYD88. Kwa baadhi yao protini huganda kwenye baridi, hivyo sampuli ya damu isipohifadhiwa kwenye nyuzi joto 37, IgM husomeka chini kuliko ilivyo.

Hemoglobini imeshuka. Niongezewe damu?
Hapa ndipo makosa ya hatari hutokea. Damu ikiwa tayari nzito, chembe nyekundu za ziada huizidisha uzito. Kwanza plazima, yaani majimaji ya damu, ichujwe kwa mashine. Kwa kuwa IgM imo ndani ya mishipa, nafuu huja haraka, ila haidumu bila dawa.

Dawa zipi?
Asiye na dalili hufuatiliwa tu, na huo ni uamuzi sahihi wa kitabibu. Mwenye dalili huweza kupewa rituksimabu pamoja na bendamustini, au vidonge vya kila siku kama zanubrutinibu. Rituksimabu huweza kupandisha IgM kwa muda. Ikiwa IgM imezidi gramu 40 kwa lita, madaktari wengi huchuja plazima kwanza au huichelewesha dawa hiyo. Homa ya ini aina ya B nayo ipimwe kabla, maana rituksimabu huweza kuiamsha.