Fyuzi Inalinda Waya, Si Redio Yako

Mwenye gari la zamani akiniambia "fundi, fyuzi inakatika-katika, niwekee kubwa," najua nikifungua kikasha nitakuta maajabu. Mwezi uliopita alikuja Afande mmoja mstaafu kutoka Bombo na Land Rover Series IIA aliyoifanyia wayaringi mwenyewe uani kwake. Kazi safi, sikatai. Nyaya alinunua Kisekka, soko la vipuri Kampala, kwa rangi zinazotakiwa, akazifunga vizuri. Ila zile za nyuma zinazopita ndani ya chasi aliziacha za kale, "kwa sababu bado nzima." Kisha fyuzi ikaanza: kila akikanyaga breki kwenye mashimo, inakatika. Akaunguza tano. Ya sita akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na kweli haikukatika tena. Akiwa njiani kwenda Wobulenzi, moshi ukatoka chini ya dashibodi.

"Lakini fundi, ile ya sita ilikuwa imara," akaniambia. Afande, uimara huo ndio ulioziunguza nyaya zako!

Fyuzi haijui kama mbele yake kuna honi au redio. Kazi yake ni kukatika kabla waya haujaungua, kwa hiyo unapima kwanza unene wa waya, ndipo unachagua fyuzi. Waya wa milimita 1 ya mraba wenye ganda jembamba la kisasa unabeba ampea 16 hivi. Mimi huupa fyuzi ya 10. Ukiuwekea 30, au karatasi ya sigara, basi fyuzi sasa ni waya wenyewe, na utakatikia popote utakapopenda, pengine karibu na tangi.

Nilipofungua fungu la nyaya za Afande, za kijani, zinazopata umeme kupitia fyuzi hiyo, zilikuwa zimeyeyuka na kushikana na jirani zake, hata kijani na kahawia hukuweza kuzitofautisha. Kwenye magari ya Kiingereza kahawia inatoka betrini moja kwa moja bila fyuzi yoyote. Hizo mbili zingegusana shaba kwa shaba, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Na shoti yenyewe? Kule nyuma, waya wa taa ya breki unapoingia kwenye tundu la chasi, mpira wa kuukinga ulishaoza zamani. Sehemu iliyochubuka haikuzidi ukucha wa kidole kidogo.

Kuna mtego mwingine hapa. Kwenye vikasha vya Lucas, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, imeandikwa 35, na watu wanakimbilia fyuzi ya kisasa ya 35. Namba hiyo ya Mwingereza ni ya kukatika. Kwa kubeba muda wote, fyuzi hiyo hiyo ni ya 17 hivi. Ya kisasa iliyoandikwa 35 inakusudiwa kubeba karibu hizo zote bila kukatika. Kwa hiyo unayemwona mwaminifu kwa maandishi ya kiwandani ameongeza ukubwa mara mbili bila kujua.

Fyuzi ikikatika mara ya pili, acha kununua. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunganishe pale fyuzi inapokaa, zima kila kitu kinachotumia njia hiyo. Kama balbu inawaka kwa nguvu, shoti ipo, na balbu haitaruhusu zaidi ya ampea 2, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Kwa Afande shoti ilikuwa kwenye waya wa taa ya breki, kwa hiyo ilibidi mtu akae amekanyaga breki, na waya huo tukauchomoa kwenye balbu zake. Halafu unatikisa fungu la nyaya polepole kutoka mbele kwenda nyuma. Balbu ikizimika, mkono wako uko juu ya ugonjwa. Dakika kumi.

Na ukiwa unabadilisha nyaya, ongeza fyuzi za taa kubwa za mbele, kushoto yake na kulia yake, maana hizo Land Rover zinazipeleka umeme bila fyuzi. Usiweke moja kwa zote mbili, labda kama unapenda giza la ghafla ukiwa msitu wa Mabira usiku.

Mengine nitayapitia haraka.

Waya wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mnene wa shaba, haufai. Ukutani hautikisiki, garini unatikisika hadi unavunjika ndani ya ganda, na wewe unaona waya mzima.

"Nimelehemu kila kiungo, fundi." Lehemu inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na zinavunjika pale ugumu unapoishia. Bana terminali kwa koleo lake halisi, si kwa meno wala kwa pulaizi.

"Bodi ni chuma, negativu iko kila mahali." Bodi ya Land Rover ni alumini juu ya chasi ya chuma, na vinapokutana panaota unga mweupe. Ukiwasha indiketa na taa ya breki ikakonyeza pamoja nayo, usilaumu swichi, negativu ndiyo haifiki vizuri. Kwangua rangi, vuta waya mweusi wa kutosha hadi kwenye chasi na betri. Na za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa na pozitivu kwenye bodi. Angalia kabla hujaunguza redio.

Alteneta ya Kijapani ya kuchaji betri haifungwi kwenye nyaya za dainamo ya zamani. Dainamo ya Lucas C40 ilitoa ampea 22. Hii yako inatoa 60 au zaidi, na zote zinapita kwenye waya ule ule na mita ile ile ya dashibodi.

"Volti 12 haiumi." Haitakurusha, kweli. Lakini pete ikigusa pozitivu na spana inayogusa bodi, mamia ya ampea yanapita kwenye pete hiyo kidoleni mwako. Ondoa kwanza terminali ya betri iliyofungwa kwenye bodi, irudishe mwisho. Pete yangu ya ndoa inashinda kwenye kopo la chai pale dukani hadi jioni. Mke wangu aliacha kuuliza.