Je, wajua kwa nini nukta ya “i” hubaki kwenye mkeka?

Topa yangu ya kwanza ya keki, yaani jina lililokatwa kwa karatasi ngumu na kuchomekwa juu ya keki kwa kijiti, ilikuwa ya mpwa wangu, na jina lilikuwa Khadija. Kwenye skrini lilikuwa limetulia kama bibi harusi. Nilipobandua karatasi ya manila kutoka kwenye mkeka wenye gundi wa mashine ya kukatia, mkononi nikabaki na K peke yake. Herufi sita zilizobaki zilikuwa zimelala palepale, kila moja kivyake, na nukta mbili, ya i na ya j, zimenata kama mbegu za papai.

Mashine haikuwa mbovu, na kisu kilikuwa kipya. Kosa lilikuwa fonti, na niliyeichagua ni mimi. Lakini kwa nini maandishi yanayokaa vizuri kwenye kitabu, kwenye kadi ya mwaliko na kwenye simu yasambaratike yakitaka kupanda keki?

Kwa sababu herufi tulizozizoea hazijishiki, zinashikwa. Tazama kanga: jina lake huandikwa kwa herufi kubwa zilizoachana, na hata ukiifua miaka kumi hakuna herufi inayodondoka, maana kitambaa ndicho kilichozibeba. Tazama maneno ya stika kwenye kioo cha nyuma cha daladala. Hayo nayo hukatwa kwa plota, ndugu mkubwa wa mashine tunayotumia nyumbani, lakini kila herufi inagandishwa kwenye kioo, kwa hiyo fundi ana uhuru wa kuchagua mtindo wowote. Topa haina kioo wala kitambaa. Nyuma yake ni hewa tupu. Kila kipande lazima kishikwe na kipande kingine, hadi kifike kwenye kijiti kilichochomekwa kwenye keki.

Ukilielewa hilo, utaacha kuuliza fonti gani ni nzuri na kuanza kuuliza fonti gani inashikana.

Wengi tunaoanza hukimbilia zile herufi zenye mikato, kama zinazopakwa rangi kwenye masanduku ya mbao. Mtu huona mikato akadhani zimeundwa kwa ajili ya kukatwa. Ni kweli, ila kwa kazi iliyo kinyume kabisa na yetu. Mwaka 1937 Wamarekani wawili, Gerry Powell na Robert Hunter Middleton, kila mmoja kwa kampuni yake, walitoa fonti za namna hiyo, na zote mbili ziliitwa Stencil. Katika kazi ya kupaka rangi juu ya bati au karatasi iliyotobolewa, herufi ndiyo tundu. Shida ni tumbo la O: usipoliwekea vidaraja litaanguka, na utapaka duara zima. Kwenye topa, tumbo la O tunataka lianguke. Kinachotakiwa kubaki ni herufi yenyewe, na vile vidaraja vikitolewa kwenye mwili wa herufi, O yako inakuwa nusu mbili zisizojuana. Sijui fonti mbaya zaidi kwa topa kuliko hiyo.

Ndiyo maana watengeneza topa hupenda mwandiko wa kuunga, ule ambao mwalimu alitulazimisha kuuandika bila kunyanyua kalamu. Pacifico, iliyochorwa na Vernon Adams na kutolewa mwaka 2011, ni mfano mzuri: mistari yake minene, kona zake za mviringo, na herufi ndogo zimeshikana mikono. Lobster ya Pablo Impallari, ya mwaka 2010, nayo ni imara. Zote mbili zinapatikana bure kwenye Google Fonts, na leseni yake inaruhusu hata kazi ya biashara. Hilo si dogo kwa anayeuza keki, kwa sababu fonti nyingi za bure mtandaoni ni bure kwa matumizi binafsi tu.

Hata hivyo mwandiko wa kuunga una mtego. Kwa jicho letu jina ni mstari mmoja. Kwa kompyuta ni herufi saba zilizolaliana, na kila moja ina mpaka wake. Ukiipeleka hivyo, mashine itafuata kila mpaka, na pale mkia wa h unapopanda juu ya a itapitisha kisu katikati ya kiungo. Umekata mikono iliyokuwa imeshikana. Dawa ni kuziyeyusha ziwe umbo moja kabla ya kukata: kwenye Silhouette Studio, programu ya mashine za Silhouette, kitufe ni Weld, na kwenye programu ya mashine za Cricut ni Weld au Unite. Usikichanganye na Attach. Hicho hutunza nafasi ya vitu tu, hakiunganishi chochote. Baada ya kuyeyusha, kuza picha uangalie kila kiungo. Herufi kubwa ya mwanzo, hasa F, P na T, mara nyingi haigusani na jirani yake. Isogeze kwa mkono mpaka ilalie, ndipo uyeyushe.

Sasa turudi kwenye nukta. Nukta ya i ilianza katika miswada ya Kilatini karne ya 11, ikiwa kistari kidogo cha kumsaidia msomaji asiichanganye i na vijiti vya m, n na u. Ilikuwa alama ya kalamu juu ya ngozi, na haikuwa na sababu ya kujishikilia. Kiswahili kinaipenda sana. “Happy Birthday” ina nukta moja tu. “Heri ya siku ya kuzaliwa” ina tatu. “Idi njema” ni fupi, lakini ina mbili. “Hongera” haina hata moja, na nakiri kuna siku nimempendekezea mteja Hongera kwa sababu hiyo tu.

Njia ninayoipenda ni kuazima kwa Waturuki. Alfabeti yao ya mwaka 1928 ina i isiyo na nukta, ı, kama herufi kamili, na fonti nyingi zinayo. Andika jina kwa ı, kisha weka nukta yako mwenyewe, ya duara, ya nyota au ya kopa, ukiishusha mpaka iguse kichwa cha herufi au ishike mguu wa herufi ndefu iliyo jirani. Katika Khadija, nukta ya i inaweza kuegemea shingo ya d. Ya j haina wa kuegemea, kwa hiyo ishushe yenyewe.

Kuna kingine ambacho wenye fonti za Ulaya hawakukiwazia: king'ong'o chetu. Jina kama Ng'ang'a lina vialama viwili vinavyoelea juu, na huwezi kuvifuta bila kulibadilisha jina la mtu. Virefushe kidogo mpaka vikalie bega la g.

Maandishi ya Kiarabu yanaonekana kama yangekuwa rahisi zaidi, kwa kuwa yameungana kwa asili. Jaribu عيد مبارك (Idi Mubarak) uone. Herufi sita, alifu, dali, dhali, ra, zai na wau, haziungi na inayofuata. Neno la kwanza ni kipande kimoja chenye nukta mbili chini. La pili linagawanyika: mim, ba na alifu pamoja, ra peke yake, kafu peke yake, na nukta ya ba inaning'inia. Jumla ni vipande vinne na nukta tatu, kabla hujahesabu kialama kilicho ndani ya kafu. Ndiyo maana topa nyingi za Idi zinazopendeza ni zile zilizopandishwa herufi moja juu ya nyingine kwa mtindo wa mabango ya msikitini, au zilizofungwa ndani ya mwezi mwandamo.

Unene nao una sheria zake. Fonti ya Great Vibes inavutia kwenye kadi ya harusi, lakini nyuzi zake nyembamba, kwa jina la upana wa sentimita 15, hukatika hata kabla ya kubanduliwa. Kisu cha mashine hizi hakikati kama mkasi, kinaburutwa, na ncha yake hufuata nyuma ya mhimili kama gurudumu la mbele la toroli la supamaketi. Kwenye kona kali lazima kijizungushe palepale, na hapo ndipo manila ya kumetameta inapochanika. Kipimo changu kwa manila ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba: mstari mwembamba kuliko wote usipungue milimita 2. Nachapa jina kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya kawaida, naweka rula.

Kama mteja amekazania fonti yake nyembamba, au anataka herufi kubwa zilizoachana kama za kanga, mpe kitambaa. Programu zote mbili zinaweza kuchora kivuli kuzunguka jina. Kiweke cha milimita 3 au 4, kikate kwa manila nyeupe, kisha bandika herufi juu yake, nukta zikiwemo. Kazi inakuwa mara mbili na umbo linanenepa kidogo, lakini hakuna kinachodondoka.

Kabla ya kukata, angalia pia kijiti kitakaa wapi. Vijiti vya mishikaki vinahitaji mguu ulionyooka wa kujificha nyuma yake, kama wa h, k au d, mmoja karibu na kila mwisho wa jina. Khadija anayo yote mitatu, ila imerundikana mwanzoni, kwa hiyo kijiti cha pili nilikigandisha nyuma ya mkia wa j. Na topa usiichomeke kabla keki haijatoka kwenye friji, kwa sababu manila ikinywa unyevu inajikunja, na gundi ya nyuma itaachia mbele ya wageni.