Bundi, kwelea na darubini: tunayoambiwa tukitazama ndege chuoni Dodoma

Jumamosi asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia, ukipita nyuma ya hosteli za Chuo Kikuu cha Dodoma unaweza kukuta watu wanane au kumi wamesimama chini ya mbuyu, shingo juu, mmoja kashika daftari. Hawasali, wala hawajaona nyoka. Wanabishana kwa minong'ono kama aliyetua tawi la tatu ni kwenzi au si kwenzi. Mmoja wao ni mimi. Masomo nilimaliza zamani, ila nilibaki Dodoma kikazi, na Jumamosi mbili za kila mwezi bado narudi. Maswali ya wapita njia nimeyasikia mpaka nimeyakariri, na mengi yamebeba dhana ambazo hata mimi nilikuja nazo.

"Ndege wa kutazama wako mbugani"

Chuo kilianzishwa mwaka 2007 upande wa Chimwaga, kwenye eneo la takriban hekta 6,000. Majengo hayakubanana: kutoka koleji moja hadi nyingine unapita vichaka vya miiba, migunga, mibuyu na makorongo ambayo sehemu kubwa ya mwaka hayana tone la maji. Kwa mwanafunzi aliyechelewa kipindi hilo ni balaa. Kwa ndege ni nyumbani.

Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na baadhi ya wale ambao kwao ni hapa tu wanaishi huku kwetu kukavu. Yule kasuku mdogo wa kijani mwenye shingo ya njano na duara jeupe kuzunguka jicho, anayefugwa kwenye vizimba Ulaya na Marekani, asili yake ni nyanda kavu za Tanzania. Hutaga kwenye matundu ya miti, mibuyu ikiwemo, na asubuhi hutoka kwa kundi wakipiga kelele kama watoto waliofunguliwa darasa. Kisha yuko kwenzi wa rangi ya majivu, Mtanzania halisi, na ndiye anayedharauliwa kuliko wote. Wageni humkimbilia kwenzi mwenye mgongo wa buluu inayometa na tumbo la rangi ya kutu, ambaye yupo mpaka Ethiopia. Wa majivu anatembea zake chini na mkia wake mrefu, vumbi juu ya vumbi, na hakuna anayeinua simu kumpiga picha.

"Hayo mambo ya wazungu"

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa tumeinamia kitabu, tunatafuta mwenye mluzi uliokuwa ukipanda ngazi kwa ngazi kutoka kwenye migunga. Dakika ishirini zilipita. Mzee mmoja wa kijiji jirani akafika na mbuzi wake, akatusalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, wanangu. Mmepoteza nini?"

Tukamwambia. Akacheka, akasema tusifuate mluzi, tufuate matusi. Kweli, pembeni kidogo kulikuwa na vindege vitano au sita vinarukaruka kwenye mgunga mmoja, vinapiga kelele za hasira. Katikati yao alikaa bundi mdogo sana, mchana kweupe. Alipogeuza kichwa tukaona madoa mawili meusi kisogoni, kama macho mengine. Madoa hayo hudhaniwa kuwachanganya maadui wanaomjia kwa nyuma. Mzee hakuwa na darubini wala kitabu, alikuwa na miaka sabini ya kuchunga.

Anayewinga ndege kwenye shamba la mtama tangu utotoni anawajua kwa sauti, kwa saa na kwa hasara. Na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi humwita mlembe kwa mluzi ili awaongoze kwenye asali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mlembe wa huko huuitikia mluzi wao zaidi kuliko wito wa Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji, na kule Msumbiji mambo ni kinyume chake. Kilicho kigeni hapa ni daftari tu, labda na kofia.

"Bila darubini ya bei mbaya usijisumbue"

Kuna wanaosubiri bumu, yaani pesa ya mkopo wa masomo, liingie ndipo waje. Njooni tu. Kwenye kundi letu darubini ni chache kuliko watu, na huzunguka mkono kwa mkono. Na ukija kununua, usidanganywe na namba kubwa. Darubini iliyoandikwa 8x42 inakuza mara 8, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42. Hiyo inatosha kabisa. Zile za kukuza mara 20 zinazotembezwa barabarani zinakuza pia mtetemeko wa mkono wako, na unachokiona ni tawi linalocheza. Kingine ambacho wageni hukosea: huinua darubini kwanza, ndipo waanze kumtafuta ndege ndani yake. Mtafute kwa macho makavu, ukimpata usimwachie, kisha leta darubini machoni.

"Bundi akilia, kuna mtu anaondoka"

Hapa sicheki, kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ambako bundi akitua juu ya bati mtu alitoka na chumvi au kijinga cha moto. Hata kwenye kundi letu kuna anayesogea nyuma tukifika kwenye jengo kuukuu ambalo bundi wa usoni mweupe, babewatoto, wanaishi darini.

Bundi hulia kwa sababu za kibundi: kuita mwenza, kumwambia mwingine huu mtaa una mwenyewe, au makinda yanadai chakula. Analia usiku mwingi tu. Sasa fikiria ni nyumba gani inamsikia saa nane za usiku. Ni ile yenye mgonjwa, inayokesha taa ikiwaka. Waliolala fofofo hawakumsikia, na usiku ambao alilia bila kufa mtu hakuna aliyeuweka kumbukumbu. Babewatoto naye hajisaidii, maana sauti yake ni mkwaruzo wa kutisha, na anaruka bila kishindo hata kidogo kwa kuwa kingo za manyoya ya mbawa zake ni laini na zenye nyuzinyuzi. Kitu cheupe kisicho na sauti kikikupita kichwani gizani, hata profesa atakimbia.

Kilichonibadilisha mimi si maelezo hayo. Chini ya lile jengo tuliokota vidonge vyeusi, vinene kama kidole gumba. Bundi humeza panya mzimamzima, kisha hutapika manyoya na mifupa vikiwa vimeshikamana. Tulikaa kwenye kimbweta, benchi la saruji la kujisomea, tukalowesha kimoja kwenye kifuniko cha chupa ya maji, tukakichambua kwa vijiti vya meno. Lilitoka fuvu la panya, meno yake ya mbele yakiwa bado ya rangi ya chungwa. Kisha la pili. Kwenye kidonge kimoja, panya wawili! Dada mmoja aliyekuwa amehesabu usiku uliopita panya waliopita juu ya begi lake la unga hosteli alinyamaza, kisha akauliza kama bundi wanaweza kuhamishiwa kwao.

Hawahamishwi, ila wanaweza kuuawa bila kukusudia. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hulegea, huwa rahisi kukamatwa, na bundi akimla mara kwa mara sumu humwingia naye.

"Kila kadogo ka kahawia ni kwelea"

Kwa mkulima wa mtama na uwele kosa hili linaeleweka. Kwelea ni kati ya ndege wengi kuliko wote duniani, na mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Zidisha kwa kundi la laki kadhaa uone. Lakini chakula chake cha kwanza ni mbegu za nyasi za porini, na hulivamia shamba zaidi pale nyasi zinapokosekana au mbegu zinapokuwa zimeota. Na vile vindege vya kahawia vinavyookota makombo pale kantini ni shomoro, au mnana jike. Mnana wa njano anayesuka kiota ni dume. Wengi hudhani ni jike kwa vile kapendeza.

Kumtofautisha si mbwembwe za kitaalamu. Sumu ikinyunyiziwa mahali kwelea wanapolala, inawakuta na mwewe, bundi na ndege wengine wasio na kesi. Warangi wa Kondoa wana njia nyingine: huwatega kwa mitego ya nyasi iliyosukwa kama kikapu, wakawala na kuwauza. Nimewaonja. Mifupa mingi, lakini kwa ugali wanakwenda.

"Korongo ndio huleta mvua"

Nusu yake naikubali. Kuna korongo mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe anayezaliana kusini mwa Sahara, kule kaskazini ya ikweta, kisha hushuka huku kufuata mvua na wadudu wanaoibuka nayo. Dodoma hupata chini ya milimita 600 kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo anayeona kundi lake likizunguka angani mwishoni mwa Novemba ana haki ya kufurahi. Anafuata mvua, haiiti. Na zipo siku anafika, anazunguka, anaondoka, na ardhi inabaki vilevile.

"Mwiteni kwa simu aje"

Programu za simu zenye sauti za ndege ni msaada, ingawa hukosea, na huku kwetu hukosea zaidi. Lakini kumchezea ndege sauti ya mwenzake ni kumwambia mvamizi ameingia. Anaacha kulisha makinda aje kupigana na spika. Mtalii akifanya mara moja akaondoka, pengine hakuna neno. Sisi tunapita njia ileile mwaka mzima. Tulikubaliana: simu ya kusikiliza ruksa, ya kuita hapana.

"Mnapeleleza"

Dodoma ni makao makuu, na darubini inavuta macho. Tuliwahi kuwekwa chini saa nzima na mlinzi mmoja, sehemu nisiyoitaja, kwa sababu mwenzetu alielekeza lenzi kwenye mnara wenye kiota. Tangu hapo tunatoa taarifa kwa walinzi mapema, hatuelekezi darubini kwenye majengo, na mlinzi akisogea tunampa aangalie mwenyewe. Wawili kati yao sasa hutuletea habari za viota.

"Mkishawaona wote mtafanya nini?"

Hili huulizwa na wanaokuja mara moja. Wanataka orodha, wakiijaza wanaona wamemaliza. Sisi tunaandika kila aliyeonekana na kusikika, idadi, saa ya kuanza na kumaliza, hata asubuhi ambayo upepo wa Agosti umewafukuza wote wakabaki njiwa. Asiyekuwepo naye ni habari, mradi ulikuwepo wewe.

Kosa langu mwenyewe ni fumbwe. Machi ile ya kwanza nilimwona dume akiruka juu ya nyasi mbichi, mkia mweusi mrefu kuliko yeye mwenyewe ukimning'inia kama kitambaa kilichomshinda, kifua cha rangi ya kutu. Anautumia mkia huo kujinadi kwa majike, ambao nao hutaga kwenye viota vya ndege mwingine mdogo na kumwachia malezi. Nilimtafuta Julai, nikamtafuta Agosti. Nikawaambia wenzangu kwa kujiamini kwamba kahama. Msimu wa pili ndipo nilipoambiwa kuwa dume mvua zikiisha hudondosha mkia, huvaa kahawia yenye michirizi kichwani, na hukaa na kundi pale pale.

Daftari la mwaka ule ninalo. Ukurasa wa Agosti, bomba linalovuja nyuma ya hosteli, mwandiko ni wangu: "Fumbwe, hakuna. Shomoro wenye michirizi kichwani, sita."