Wanafunzi wa chuo na kuandika: mengi tunayoambiana sio kweli

Msimu wa kusahihisha ripoti ukifika tu malalamiko yanaanza, eti watoto wa siku hizi wanamaliza digrii na barua ya kuomba kazi yenye aya tatu inawashinda. Sibishi, shida ipo na inaonekana. Balaa linaanza kwenye dawa, kwasababu dawa nyingi zinazopendekezwa zimejengwa juu ya maneno ambayo ukiyafuatilia kidogo tu hayana mashiko.

Tuanze na hili la "zamani watu walikuwa wanaandika bwana". Kuna watafiti wawili wa Marekani, Andrea Lunsford na Karen Lunsford, walikusanya insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo zilizoandikwa mwaka 2006 wakahesabu makosa, alafu wakalinganisha na hesabu za nyuma ambazo wenzao walishafanya. Mwaka 1917 yalikuwa makosa 2.11 kwa kila maneno 100, mwaka 2006 yakawa 2.45. Yaani karibu karne nzima na hakuna kilichoporomoka. Kilichobadilika ni urefu: insha ya 1917 ilikuwa na wastani wa maneno 162, ya 2006 maneno 1,038, na nyingi sasa ni za kujenga hoja na kutumia vyanzo, sio kusimulia tu yaliyokupata. Mtu anayeandika kitu kirefu zaidi ya mara sita, tena kigumu zaidi, kwa makosa yanayokaribiana na ya mababu zake, huyo umwite mbumbumbu kwa lipi?

Na kulalamika kwenyewe sio kwa leo. Chuo kikuu cha Harvard, Marekani, walianzisha kozi ya lazima ya uandishi mwaka 1885, na miaka michache tu baadaye, 1892, kamati ya chuo hicho hicho ikatoa ripoti kali kuhusu uandishi mbovu wa wanafunzi na lawama ikapelekwa kwa shule za sekondari. Unasikia? Chuo kinalaumu sekondari, na nina uhakika huko sekondari walilaumu msingi.

Hapo ndio tunaingia kwenye dhana ambayo kwa maoni yangu inaharibu kuliko zote: eti mwanafunzi akipita ile kozi ya stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza basi kaiva, habari ya kuandika imeisha. Jamani kuandika sio chanjo. Unamfundisha mtu utangulizi, kiini na hitimisho kwa semista moja, anapata B yake, alafu miaka miwili inayofuata anajibu maswali ya kuchagua na kutengeneza slaidi za kazi za vikundi ambazo anaandika mmoja na wengine wanaweka majina, mwaka wa mwisho unamwambia lete ripoti ya utafiti ya kurasa hamsini, na akishindwa unashangaa! Watafiti Richard Arum na Josipa Roksa walifuatilia wanafunzi wa vyuo mbalimbali vya Marekani, matokeo yakatoka 2011, na nusu ya wanafunzi walisema semista iliyopita hawakuwa na hata kozi moja iliyowataka kuandika zaidi ya kurasa 20 kwa semista nzima. Tatizo hapo sio kipaji, ni kwamba mtu haandiki.

Vyuo vilivyolichukua jambo hili siriasi vimelisambaza. Tazama MIT, chuo cha Marekani kinachojulikana kwa uinjinia na sayansi: kuanzia waliojiunga 2001, kila mwanafunzi wa digrii ya kwanza anatakiwa kupita kozi nne zenye uandishi na uzungumzaji mwingi ndani yake, mbili kwenye upande wa sanaa na sayansi za jamii, na mbili kwenye fani yake mwenyewe. Hizo mbili za mwisho ndio utamu wa jambo lote. Ripoti ya maabara haiandikwi kama insha ya historia, na hakuna mwalimu wa lugha atakayemfundisha mtu wa kemia jinsi ya kujadili matokeo ambayo hayakuendana na nadharia, hilo ni la mwalimu wa kemia. Kwahiyo lile jibu la "hayo ni mambo ya idara ya lugha" life hapo hapo.

"Basi tuwakazie sarufi." Hapana. Mwaka 2007 watafiti Steve Graham na Dolores Perin walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi za wanafunzi wa kuanzia darasa la nne hadi la kumi na mbili, na kufundisha sarufi peke yake, yaani ile ya kanuni na mazoezi, hakukuinua ubora wa uandishi, matokeo yalielemea upande hasi. Vilivyosaidia ni kufundishwa hatua za kupanga, kuandika na kurekebisha, kufundishwa kufupisha maandishi, na hata zoezi dogo la kuunganisha sentensi fupi ziwe moja yenye akili. Ni kweli hao ni wa shule sio wa chuo, ila sioni kwa nini mtu wa miaka ishirini na mbili apone kwa dawa iliyoshindwa kwa mdogo wake. Sarufi ina nafasi yake, ifundishwe juu ya sentensi aliyoandika yeye.

Sasa kuna hii ya kalamu nyekundu, kwamba mwalimu anayejali anasahihisha kila kosa. Tuiangalie kwa karibu. Mwanafunzi kaandika: "Matokeo yalionyesha mabadiliko mbalimbali yaliyotokana na sababu mbalimbali." Mwalimu kapiga mstari, kaandika "FAFANUA!!" Mwanafunzi anarudi, anafuta "mbalimbali" anaweka "tofauti tofauti", anaprinti upya, kwake hiyo ni marekebisho tayari. Na wala sio uvivu, tangu 1980 mtafiti wa uandishi Nancy Sommers alionyesha kwamba wanafunzi wengi wakiambiwa rekebisha wanabadilisha maneno, wakati waandishi wazoefu wanarudi kwenye hoja yenyewe na kuijenga upya. Hebu pembeni ya sentensi ile ile weka swali: nini kilibadilika, kwa kiasi gani, na unadhani kwa nini? Inarudi hivi: "Maji yalipopashwa kutoka nyuzi 20 hadi 40 chumvi iliyeyuka haraka zaidi, ila kiasi kilichoweza kuyeyuka hakikuongezeka sana." Hapo mtu amefikiri. Na ona, hakuna aliyegusa sarufi.

Najua lekcha mwenye darasa la watu mia tatu ameshakasirika, muda huo anautoa wapi. Ana haki yake, uwiano wa walimu na wanafunzi sehemu nyingi ni kichekesho na hilo ni deni la chuo, sio lake. Lakini dhana kwamba kuandika zaidi lazima kumaanishe kusahihisha zaidi nayo ina walakini. Mwalimu wa uandishi wa chuo, Richard Haswell, mwaka 1983 alieleza mtindo wake: haandiki kosa ni lipi, anaweka alama ndogo pembeni ya mstari wenye kosa, mwanafunzi alitafute mwenyewe, na zaidi ya nusu ya makosa wanafunzi wenyewe waliyaona na kuyarekebisha. Pia sio kila kitu kinahitaji maksi. Dakika tano za mwisho wa kipindi, andika aya moja ya ulichoelewa na ulichokwama, unapitia chache tu. Wasomeane rasimu wakiwa na maswali mawili matatu ya kuongoza, maana ukiwaambia tu "toa maoni" utapata "iko poa".

Na ya mwisho, ya akili bandia. Tangu ChatGPT, programu inayokuandikia ukiiagiza, itoke Novemba 2022 kuna kambi mbili, moja inasema hakuna haja tena ya kufundisha kuandika, nyingine inasema tununue programu ya kukamata wadanganyifu mambo yaishe. Hiyo ya kwanza inasahau kwamba anayeshindwa kuandika kwa kawaida anashindwa pia kujua kama kilichoandikwa na mashine ni pumba. Ya pili ni ya hatari kabisa. OpenAI wenyewe, walioitengeneza ChatGPT, waliondoa kifaa chao cha kutambua maandishi ya mashine Julai 2023 kwasababu ya usahihi mdogo, na mwaka huo huo watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaitwa kazi ya mashine. Yaani maskini anayehangaika na lugha ya tatu ndiye anayeitwa mwizi. Bora udai mpango wa kazi, rasimu ya kwanza, rasimu ya pili, alafu umuite mtu dakika kumi umuulize kwa nini aya ya tatu ameihamishia mwanzo. Aliyeandika mwenyewe atakuwa na sababu, hata kama ni mbovu, na sababu mbovu inafundishika.