MGB haina chasisi, naomba tuelewane leo

Karibu kila mwenye MGB ya wazi, ile gari ndogo ya michezo ya Kiingereza, anayeniletea kazi ya bodi anakuja na maneno yaleyale, "fundi hapo chini ya mlango ni kutu ya juujuu tu, bandika bati, piga puti na rangi, chasisi iko nzima". Jamani, chasisi gani? Yenye chasisi ni MGA, ile iliyoitangulia, ya 1955 mpaka 1962, bodi yake ilikuwa inakaa juu ya fremu. Mhandisi Syd Enever na timu yake kwenye kiwanda cha MG pale Abingdon, Uingereza, walipochora MGB, ikatoka 1962, fremu wakaitupa kabisa wakaacha bodi yenyewe ibebe injini, suspensheni, abiria na kila kitu, ndo maana ikawa fupi kuliko MGA lakini ndani ina nafasi zaidi.

Sasa gari ya viti viwili isiyo na paa, nguvu yake iko wapi? Iko kwenye sili, lile boksi la bati kadhaa zilizochomelewa pamoja linalopita chini ya mlango kutoka mbele mpaka nyuma. Chukua boksi la viatu, toa mfuniko, uone linavyopindapinda, halafu fikiria na kuta za pembeni zimeoza. Hiyo si urembo, huo ndo uti wa mgongo wa gari.

Na kuangalia wala sio kazi. Funga mlango halafu tazama ule mwanya kati ya mlango na bodi ya nyuma, ukiona juu umebana na chini umeachia ujue gari imeshakaa tumbo, yaani imelegea katikati. Kisha piga jeki upande mmoja ujaribu kufungua mlango, ukigoma au ukikwaruza bodi basi gari inajikunja hapohapo unaiangalia.

Kinachoniudhi zaidi ni zile bati za kufunika zinazochomelewa juu ya sili iliyooza, nje inang'aa kumbe ndani kutu inaendelea kula na maji hayana pa kutokea. Kazi ya kweli unafungua bolti za mabawa ya mbele, yaani madigadi, uyatoe, unakata kipande cha chini cha bawa la nyuma, unabadilisha sili yote pamoja na bati za ndani. Na tafadhali, kabla ya kukata chochote shikilia gari vizuri chini, weka vyuma vya kukaza pale penye mlango, na kila ukichomelea kidogo rudisha mlango upime mwanya, maana ukikata gari imening'inia halafu ukachomelea umeshaipinda milele. Ikiwa imeoza kila kona mi nashauri utafute bodi mpya kabisa, kampuni ya British Motor Heritage walianza kuzitoa tena 1988 kwa mashine zilezile za zamani.

Maneno mengine ninayosikia ni kwamba MGB zenye bampa nyeusi za raba, za kuanzia mwishoni mwa 1974, eti ni takataka. Hapana. Sheria za Marekani ndo zilileta zile bampa, na gari ikanyanyuliwa kama inchi moja na nusu, na wakati huohuo wakaondoa ile roli ba ya mbele, chuma kinachozuia gari isilale kwenye kona, ndo maana za 1975 zinalala sana kwenye kona. Baadaye wakairudisha. Ishushe, weka roli ba, itaendesheka vizuri tu na ukiinunua inakuwa bei nafuu.

Halafu kuna wanaoniambia wana MGB V8, yaani yenye injini ya silinda nane, ya wazi na ya kiwandani. Haipo. Kiwanda kilitengeneza V8 za GT zenye paa tu, 1973 mpaka 1976, gari 2,591 basi. Yako imewekewa injini na mtu, inaweza kuwa kazi safi sana, ila usilipie bei ya kiwandani.

Umeme wa Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hizi, nao unalaumiwa bure. Mara nyingi tatizo ni zile viungio za waya zilizoshika kutu na ethi chafu, yaani pale waya unapofungwa kwenye bodi, sasa mtu anakimbilia kununua dainamo wakati msasa ungetosha. Safisha ethi zote kwanza, na kama gari yako ni ya kabla ya mabadiliko ya 1967 kumbuka ethi yake ni chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndo unaofungwa kwenye bodi, usije ukaunganisha betri kama ulivyozoea kwenye gari za sasa.